Jerry Lawson: Mnyonge Mnyongeni, Haki Yake Mpeni

Nitaanza kwa kukiri kosa. Muhula uliopita, katika mjadala wa chama chetu, nilisimama mbele ya wanachama na walimu nikatangaza kwa kifua mbele kwamba kaseti ya mchezo wa video ilivumbuliwa na Mmarekani Mweusi aitwaye Jerry Lawson, tena peke yake. Upande wangu ukanipigia makofi. Makofi hayajatulia, msemaji mmoja wa upande wa upinzani akainua mkono na kuuliza kwa upole: "Mbona hataza ya uvumbuzi huo ina majina ya watu wengine wawili?" Nilibaki nimesimama kama kuku aliyenyeshewa. Kisha mwalimu wetu wa Elimu ya Biashara akatia msumari wa moto juu ya kidonda. Eti kampuni ya huyo Lawson si ilifungwa baada ya miaka michache tu? Mjasiriamali gani huyo?

Mjadala tukashindwa. Tangu siku hiyo nimesoma kila nilichoweza kukipata juu ya Lawson, na makala hii ndiyo jibu langu kwa mpinzani na kwa mwalimu. Nitasema mapema kwamba wote wawili walikuwa na ukweli. Ila haukuwa ukweli wote.

Kwanza tueleweshane kaseti yenyewe ni kitu gani, maana sisi wa kizazi hiki tumezoea michezo ya simu. Mjomba wangu, aliyekuwa mvulana miaka ya tisini, bado ana kisanduku cha kuchezea michezo kwenye televisheni. Juu yake pana tundu refu, na ndani ya tundu hilo unachomeka kaseti ya plastiki. Ukichomeka hii unapata mbio za magari. Ukiitoa na kuchomeka ile unapata vita. Kaseti ikikataa, wao waliitoa wakaipuliza kwa mdomo, wakairudisha. Mjomba anaapa kwamba dawa hiyo ilifanya kazi. Mimi nadhani kilichosaidia ni kule kuitoa na kuirudisha, lakini mbele ya mjomba sibishani.

Jambo hilo linaonekana rahisi mno leo. Lakini kabla ya mwaka wa 1976 halikuwapo madukani. Mtambo wa kwanza wa michezo ya nyumbani, Magnavox Odyssey, kazi ya Ralph Baer, uliuzwa Marekani kuanzia 1972. Ulikuwa na vijikadi vya kuchomeka, lakini vijikadi hivyo havikubeba kumbukumbu yoyote. Viliunganisha nyaya tu ndani ya mtambo ili sakiti ileile itende kazi kwa namna tofauti, na picha nyingine ulizipata kwa kubandika karatasi ya plastiki juu ya kioo cha televisheni! Mwaka wa 1975 Atari wakaleta Pong ya nyumbani, mchezo wa kupiga mpira huku na huku. Huo nao ulikuwa umefungwa ndani ya mtambo moja kwa moja. Hebu fikiria kununua redio iliyoundwa kuimba wimbo mmoja. Ukichoka na wimbo, umechoka na redio nzima.

Sasa turudi kwa bwana wetu. Gerald Anderson Lawson alizaliwa Brooklyn, New York, tarehe 1 Desemba 1940, akakulia Queens katika nyumba za serikali zilizojengewa watu wa kipato cha chini. Babu yake alisomea fizikia, lakini kwa mtu Mweusi wa enzi zile milango ya maabara ilikuwa imefungwa, akaishia kufanya kazi ya posta. Baba yake alikuwa kuli bandarini, na akirudi nyumbani hakuchoka kusoma vitabu vya sayansi. Nilipofika hapo niliacha kusoma kwa muda. Babu ana elimu lakini hapewi kazi yake, baba ana kiu lakini hapewi nafasi, na mtoto ndiye huyo sasa.

Mama yake nadhani ndiye aliyeikata minyororo hiyo. Mama huyu alikuwa akienda mwenyewe shuleni kuwahoji walimu. Shule isiyomridhisha alimwondoa mwanawe, hadi akampata nafasi katika shule ya mbali iliyojaa watoto Wazungu, na huko huko akachaguliwa kuongoza chama cha wazazi na walimu. Lawson alisimulia uzeeni kwamba katika darasa la kwanza mwalimu wake alibandika picha ya George Washington Carver, yule mwanasayansi Mweusi mashuhuri kwa utafiti wa njugu, karibu na dawati lake, akamwambia kwamba naye angeweza kuwa hivyo. Miaka sitini baadaye bado aliikumbuka picha hiyo.

Alipokuwa na umri wa miaka kumi na mitatu hivi alipata leseni ya redio ya mawasiliano, akajijengea kituo chumbani mwake na kutoa antena dirishani. Akaunda redio ndogo za mkononi za kuzungumziana, akaziuza. Alipokua kidogo akawa anapita nyumba hadi nyumba akitengeneza televisheni zilizoharibika. Kwa hivyo, mwalimu wangu wa Biashara, huyu mtu alianza ujasiriamali kabla ya kuota ndevu! Baadaye alisoma katika vyuo vya Queens College na City College vya New York, lakini hakuhitimu shahada. Mengi aliyoyajua aliyapata kwa kufungua vitu na kutazama ndani.

Mwaka wa 1970 aliajiriwa na Fairchild Semiconductor huko California. Kampuni hiyo ilikuwa miongoni mwa zile zilizoifanya sehemu ile iitwe Silicon Valley, kwa kuwa chipu za kompyuta hutengenezwa kwa silikoni. Kazi ya Lawson ilikuwa kuwaendea wateja na kuwaonyesha namna ya kuzitumia chipu za Fairchild. Akaona shida ya kuwangoja wateja ofisini, akapendekeza gari kubwa la safari, lile lenye nafasi ya mtu kulala ndani, ligeuzwe maabara. Likageuzwa, akawa anazunguka nalo. Alikuwa pande la mtu, urefu wake ukikaribia mita mbili, na alisimulia kwamba baadhi ya watu waliofahamu kazi yake bila kumwona walishtuka kugundua kuwa ni mtu Mweusi. Katika Homebrew Computer Club, chama cha wapenzi wa kompyuta kilichoanza 1975, watu Weusi walikuwa wawili tu, yeye na Ron Jones. Humo ndimo alimokutana na Steve Jobs na Steve Wozniak kabla hawajawa watu wa kutajwa. Kumbe aliwahi hata kumhoji Wozniak aliyekuja Fairchild kuomba kazi, na hakumwajiri. Hakuna asiyekosea.

Wakati huo nyumbani, katika gereji yake, Lawson alikuwa akiunda mchezo wa kutumbukizia sarafu ulioitwa Demolition Derby, wa magari yanayogongana. Ulifanya kazi kwa maikroprosesa mpya ya Fairchild iliyoitwa F8, na mwaka wa 1975 uliwekwa katika duka moja la pitsa mjini Campbell, California. Maikroprosesa ni ubongo wa kompyuta uliokusanywa katika chipu moja. Michezo mingine ya wakati ule haikuwa na ubongo wowote, ilikuwa mafungu ya sakiti yaliyounganishwa kwa ajili ya kazi moja. Mchezo wa Lawson ulikuwa miongoni mwa ile ya mwanzo kabisa kuendeshwa kwa maagizo yaliyoandikwa, yaani programu. Wakuu wake waliposikia habari za gereji hawakumkaripia. Walimwita.

Hapa ndipo palipo jibu la yule mpinzani wangu. Katika jimbo la Connecticut, mbali kabisa na California, kulikuwa na kampuni ndogo iitwayo Alpex. Wahandisi wake Wallace Kirschner na Lawrence Haskel walikuwa wameunda mtambo wa majaribio ulioweza kubadilishiwa michezo kwa kubadilisha kumbukumbu. Waliomba hataza mwaka wa 1975 wakaipata 1977. Hayo ndiyo majina mawili niliyoulizwa, na hapa nayaandika kwa heshima. Wazo la kuitenga programu ya mchezo na mtambo wenyewe, wao walikuwa nalo mapema, nami nilikosea kulivisha jina la Lawson peke yake. (Hata wao hawakutajirika kwa njia waliyoitarajia. Alpex ilipoishtaki Nintendo, mwaka wa 1994 mahakama iliamua walipwe zaidi ya dola milioni 200, na mwaka wa 1996 mahakama ya rufaa ikaufuta uamuzi huo.)

Lakini mtambo wa majaribio mezani kwa mhandisi si bidhaa. Fairchild waliponunua haki ya kuutumia, Lawson akiwa mhandisi mkuu na mkurugenzi wa kitengo cha michezo ya video, walichopokea kilikuwa mabao ya sakiti yaliyo wazi, ya kushikwa na mtu anayejua anachokishika. Tena kiliendeshwa na chipu ya Intel, mshindani wa Fairchild, kwa hivyo kazi yote ilibidi ipangwe upya ili iendeshwe na F8. Na huo ulikuwa mwanzo wa mambo.

Umewahi kuvua sweta usiku wa kiangazi ukasikia vicheche vya umeme? Umeme huo mdogo wa mwilini unatosha kuiua chipu ya kumbukumbu. Wahandisi wa wakati ule walizifunga chipu zao ndani ya mashine, na hakuna aliyezigusa bila tahadhari. Sasa Lawson na wenzake walitaka kumpa mtoto wa miaka sita chipu ya aina hiyo, aichomeke na kuichomoa mara mia, mara elfu, mikono ikiwa na jamu, huku akisugua soksi kwenye zulia. Je, vile vibati vya shaba havitakwisha kwa kusuguliwa? Chipu haitaungua? Lawson alieleza baadaye kwamba hakukuwa na mtu aliyekuwa ameuza kwa wingi kitu cha nyumbani chenye kumbukumbu ya kuchomeka na kuchomoa, kwa hivyo hakukuwa na wa kumwigiza.

Kazi hiyo nayo hakuifanya peke yake. Ron Smith alishughulikia sehemu za mtambo zinazosogea na namna kaseti inavyoingia na kushikana na vibati. Nick Talesfore alibuni umbo: kaseti ya manjano, kubwa kama zile kaseti nene za muziki zilizokuwa zikitumiwa magarini Marekani, ambayo mtu akiiona tu anajua pa kuisukuma. Lawson aliongoza timu na kuhakikisha umeme unafuata amri. Isitoshe, alikuwa na vita vingine na serikali. Mtambo wenye maikroprosesa hutoa mawimbi, na mawimbi yakizidi huvuruga televisheni na redio za majirani. Tume ya mawasiliano ya Marekani ilikuwa na sheria kali, na ikataka kila kaseti mpya ipelekwe kukaguliwa. Wakaufunika moyo wa mtambo kwa kava la metali ili mawimbi yasitoroke. Yule kijana wa antena dirishani sasa alikuwa akipambana na mawimbi kwa kuyafungia ndani.

Mtambo ukatoka Novemba 1976 kwa bei ya dola 169.95, na kila kaseti dola 19.95. Baadaye uliitwa Channel F. Kaseti za mwanzo zilibeba baiti 2,048. Ili uelewe udogo wa kiasi hicho, makala hii unayoisoma ina herufi zaidi ya elfu kumi, kwa hivyo isingeenea hata robo yake ndani ya kaseti moja. Katika nafasi hiyo finyu walitia michezo mizima! Kulikuwa na kitufe cha kuusimamisha mchezo ukaurudia baadaye, jambo ambalo kila mtoto aliyeitwa na mama katikati ya mchezo anaijua thamani yake. Na katika kaseti ya kwanza ungeweza kucheza dhidi ya mtambo wenyewe mchezo wa kupanga alama tatu mstari mmoja. Ukishindwa, mtambo ulikuandikia kwenye kioo kwamba umeshindwa, na juu yake ukakuita bata mzinga. Jamani, matusi ya kompyuta hayakuanza leo.

Je, walitajirika? Hapana. Septemba 1977 Atari waliingia sokoni na mtambo wao wa kaseti, na michezo yao ikawavutia watu zaidi. Inakadiriwa kwamba kufikia 1979 Channel F zilizouzwa zilikuwa kama 350,000, ilhali ule wa Atari kwa miaka yake yote uliuzwa takriban milioni 30. Aliyeanza kuufungua mlango hakuwa aliyekula karamu. Lakini tundu la kaseti la Atari, na la Nintendo, na la kile kisanduku cha mjomba wangu, yote yalifuata njia ambayo kundi la Lawson lilikuwa limethibitisha kuwa inapitika. Pamoja nayo ilizaliwa biashara mpya kabisa: mtu aliweza kuunda michezo na kuiuza bila kuunda mtambo wowote.

Na ndiyo biashara aliyoiingia mwenyewe. Mwaka wa 1980 Lawson aliiacha Fairchild, kisha akaanzisha kampuni yake, Videosoft, ambayo hutajwa kuwa miongoni mwa kampuni za mwanzo kabisa za michezo ya video zilizomilikiwa na mtu Mweusi. Kinachonichekesha ni kwamba alikuwa akitengeneza kaseti za mtambo wa Atari, yaani wale wale waliomshinda. Na kaseti ya Videosoft inayokumbukwa zaidi haikuwa mchezo. Ilikuwa kaseti ya kuonyesha mistari ya rangi ili fundi aweze kurekebisha televisheni. Fundi wa Queens alikuwa hajafa ndani yake.

Mwalimu, kampuni ilifungwa, ni kweli. Lakini tuulize ilifungwa lini na kwa nini. Mwaka wa 1983 soko la michezo ya video la Marekani liliporomoka. Kampuni nyingi mno zilikuwa zimejaza maduka kwa kaseti mbovu, wanunuzi wakasusa. Biashara iliyokuwa ya takriban dola bilioni tatu kwa mwaka ikashuka kufikia 1985 hadi kama dola milioni mia moja. Atari wenyewe walipeleka shehena za kaseti zisizouzika wakazizika kwenye jaa la taka huko Alamogordo, New Mexico, na mwaka wa 2014 zilifukuliwa. Mafuriko yanayombeba tembo hayamwachi swala. Sisemi Lawson hakuwa na makosa ya kibiashara, huenda alikuwa nayo. Nasema tu kwamba kumpima kwa kufungwa kwa Videosoft ni kumpima mkulima kwa mwaka wa ukame.

Baada ya hapo aliishi kwa kutoa ushauri wa kitaalamu. Aliwahi kushirikiana na mwanamuziki Stevie Wonder kuunda saa ya kumwamsha mtoto kwa sauti ya mzazi wake, lakini saa hiyo haikufika madukani. Kisha ugonjwa wa kisukari ukamwandama, ukamnyima nguvu za mguu mmoja na nuru ya jicho moja. Kwa muda mrefu jina lake halikutajwa popote. Wapenzi wa mitambo ya kale ndio waliomtafuta, na mahojiano yaliyochapishwa mwaka wa 2009 ndiyo yaliyomrudisha midomoni mwa watu. Machi 2011, kwenye mkutano wa waundaji michezo mjini San Francisco, alitunukiwa heshima ya mwanzilishi. Tarehe 9 Aprili mwaka huohuo akafariki dunia, akiwa na umri wa miaka sabini. Heshima aliionja kwa mwezi mmoja.

Waliokuja baadaye wamejitahidi kufidia. Mwaka wa 2021 Chuo Kikuu cha Southern California kilitangaza mfuko wa masomo wenye jina lake kwa wanafunzi Weusi na Wenyeji wa Marekani wanaosomea uundaji wa michezo. Tarehe 1 Desemba 2022, siku ambayo angetimiza miaka 82, Google waliipamba kurasa yao kwa michezo ya kumkumbuka, iliyobuniwa na wasanii watatu Weusi. Michezo hiyo ingali kwenye hifadhi yao, na anayetaka anaweza kuubadilisha mchezo au kuunda wake.

Wiki iliyopita nilimtafuta yule mpinzani wangu, nikamwomba aisome rasimu ya makala hii kabla sijaipeleka kwa mhariri. Alinirekebisha mahali pawili. Kisha tukaenda chumba cha kompyuta, tukaufungua ukurasa huo, tukaanza kuunda mchezo wetu: mwanafunzi anayekimbia kutoka bwenini kwenda bwaloni, akiruka madimbwi na kumkwepa kiranja wa zamu. Mwenzangu alipanga madimbwi, mimi nikapanga viranja. Tulikuwa tumefika nusu, kengele ya masomo ya jioni ikalia.